Mbao Kavu za Baba Esperansi

Ukiitwa msibani na mtu akakuuliza, "Mwalimu, tuimbe nini?", usijibu siku hiyohiyo. Kunywa maji uliyopewa. Kaa kwenye mkeka. Sikiliza jinsi watu wa nyumba ile wanavyolitamka jina la marehemu, kwa sauti ya juu au ya chini, na nani analitamka kisha ananyamaza. Rudi kesho ndipo useme. Ninawaandikia ninyi mnaoshika kwaya sasa, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, kwa sababu mimi niliwahi kujibu siku hiyohiyo.

Kazi nimeiacha mapema, kabla ya mvi kuenea. Sikio la kushoto limeanza kunidanganya, na mwalimu wa kwaya mwenye sikio moja huinamisha kichwa kama kuku anayetazama mwewe, waimbaji wanacheka. Sikusomea muziki popote. Nilijifunza do-re-mi kwenye kitabu kilichopoteza kurasa za mwanzo na za mwisho, kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilijua kila jambo la katikati tu: sikujua wimbo unaanzaje wala unaishaje. Kanisa letu dogo la Buzebazeba lilinipokea hivyohivyo. Jina la kazi lilikuwa mwalimu wa kwaya, lakini Jumapili ilikuwa mara moja kwa wiki na misiba haikuwa na siku yake.

Nilikuwa na daftari la mistari nililolichora safu mwenyewe: jina la marehemu, wimbo wa kutoka nyumbani, wimbo wa kaburini, ufunguo wa sauti, waimbaji na wapigaji ni wangapi, upepo unatoka wapi. Watu walinicheka sana kwa hiyo safu ya upepo. Lakini nendeni makaburini kwetu, kwenye ule mteremko unaotazama ziwa, mkae siku nzima kama nilivyokaa mimi na penseli. Asubuhi upepo unashuka kutoka milimani kwenda majini, taratibu, kama mtu anayeenda kunawa. Inapofika saa nane mchana unageuka. Unapanda kutoka ziwani na unakuja na harufu ya dagaa wanaokauka, na kuanzia hapo kila unachokiimba unachukuliwa. Mazishi mengi ni saa tisa. Kwa hiyo wapangeni waimbaji upande wa ziwa, watu wasimame upande wa mlima, na sauti italetwa kwao bila ninyi kupasua makoo. Jambo dogo kama hilo lilinichukua miaka miwili kulijua.

Jingine: shusheni ufunguo. Koo la mtu anayelia limebana, halifiki juu. Wimbo mnaouimba Jumapili kwa raha, msibani uteremsheni sauti nzima au mbili, ili mama wa marehemu akitaka kuimba apate pa kuingilia. Na angalieni mwezi. Besi zangu walikuwa wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi ziwani, maana dagaa hawaifuati taa kama kuna mwanga mwingine, na mimi nilikuwa na besi tisa waliolala vizuri. Siku za giza, wote walirudi alfajiri wakiwa na macho mekundu, nikabaki na besi mmoja, fundi cherehani, ambaye naye alipenda kuimba sauti ya kwanza.

Haya yote nilifundishwa au niliyagundua. Aliyenifundisha ni Bi Veronika, mama wa Kiha aliyeishika kwaya kabla yangu. Alipostaafu alinikabidhi ufunguo wa kabati la vitabu na maswali matatu. Alisema kila msiba nijiulize: marehemu alikuwa akiimba nini mikono yake ikiwa kazini? Nani ataumia zaidi akisikia wimbo, na nani ataumia zaidi asipousikia? Na upepo unatoka wapi? Mimi nililipenda swali la tatu kwa sababu lilikuwa na jibu la kuandika.

Sasa miaka ile ya wakimbizi. Ninyi wengine mlizaliwa humohumo, wengine baada yake. Mimi naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya homa: vipande vina mwanga mkali, na katikati yake ukungu. Asubuhi ukitazama ziwa unaona boti zinakuja kutoka ng'ambo zikiwa zimejaa mpaka ukingoni, na juu ya vichwa vya watu godoro, cherehani, mbuzi, redio. Kwa upande wa nchi kavu watu walishuka kutoka vilima vya Burundi kwa miguu, kimya. Malori yaliwachukua kwenda kambini, upande wa Kasulu. Wengine walibaki mjini kwa jamaa, kwa vibali, au kwa kuhitajika tu. Na kila aliyekuja alikuja na nyimbo ambazo hazikuwamo daftarini mwangu. Mara ya kwanza familia ya Kikongo iliponiomba gitaa kwenye maziko nilidhani wamekosea mlango. Kwangu gitaa lilikuwa kitu cha baa. Kijana wao akalipiga polepole, nyuzi mbili tu zikijibizana, kama maji yanavyogonga ubavu wa boti iliyofungwa, na bibi kizee aliyekuwa hajalia siku tatu akalia. Niliandika: gitaa, linafaa. Nikadhani nimejifunza.

Mtu aliyenifundisha kweli alikuwa amekwisha kufa tulipokutana kikazi. Tulimwita Baba Esperansi, kwa jina la bintiye, mtoto pekee aliyevuka naye. Alikuwa Mrundi, mrefu, mwenye kuinama akizungumza na watu wafupi. Alitengeneza maboti pale Kibirizi, alikoitwa kwa kuwa mikono yake ilihitajika: anabadilisha mbao zilizooza, anaziba nyufa kwa pamba na mawese. Nilikuwa nikienda kuwatafuta besi zangu ufukweni, namkuta amechuchumaa kando ya mbao alizozianika chini ya paa la makuti. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, moja baada ya moja, akitega sikio. "Hii bado bubu," anasema, anaigeuza. Anagonga nyingine. "Hii inaitika." Iliyoitika ndiyo iliyokwenda kwenye boti. Niliona ni mchezo wa mzee mpweke.

Alifariki kwa kifua, siku ya Jumatano, kiangazi, wakati moshi wa mashamba unaifuta milima ya Kongo na ziwa linaonekana halina ng'ambo. Mchana huo nilikwenda kwenye chumba walichopanga. Esperansi alikuwa na miaka ishirini hivi, amejifunga khanga mbili, amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole sana, binti. Nimekuja kuhusu nyimbo."

"Nataka ikembe tu," akasema.

Sikuelewa. Akainuka, akaleta kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge, akakifungua magotini. Kilikuwa kibao kisichozidi kiganja cha mwanamume, kimetobolewa tundu moja, na juu yake vijiti vya chuma vilivyofuliwa kutoka mbavu za mwavuli, vya kubonyezwa kwa dole gumba. Majirani Wakongo wangekiita likembe. Kijiti kimoja kilikuwa na kutu.

"Baba alikuwa akipiga?"

"Kwetu alipiga nyimbo nyingi. Tulipovuka alibaki na mmoja."

"Kwa nini mmoja?"

"Ulikuwa wa Mama." Akakifunika kibao nusu, kama anamfunika mtoto usingizini. "Mama tulimzika kambini, siku zile za mwanzo. Siku ile walizikwa wengi. Padri alikuwa mmoja na watu wamechoka. Hakuna aliyeimba. Baba akaniambia, siku yangu mnipigie huu, tutakuwa tumeimbiwa wote wawili. Mwalimu, sitaki vingi. Nataka huu, upigwe na mtu, sio kaseti. Halafu tumfukie."

"Nani mwingine anaujua?"

"Mzee Karoli. Walikulia kijiji kimoja. Yuko kambini."

"Atapata kibali cha kuja huku?"

"Sijui. Nimempa barua dereva wa lori la kuni."

Hapo ndipo nilipojibu. Nilifanya hesabu yangu ya upepo kichwani, saa tisa, mteremko, kibao cha kiganja, nikasema: "Binti yangu, hii haisikiki hatua tano. Huyo mzee anaweza asifike. Wewe niimbie huo wimbo, mimi nitauandika, na kwaya itauimba kwa sauti nne. Utasikika mpaka stesheni ya reli."

Akatazama chini. "Ego," akasema. Ndiyo.

Nimeifikiria sana ile ndiyo. Miaka ile wageni wetu walikuwa wamezoea kumwambia ndiyo kila mtu mwenye daftari. Mimi nilikuwa nimelishika langu, wazi, penseli juu.

Akaniimbia kwa kuvumisha, midomo imefungwa. Wimbo ulikuwa mfupi: unashuka hatua tatu, unatulia, unajaribu kupanda, unarudi. Niliuandika mara nne. Tatizo lilikuwa pale unapopanda. Kila alipofika, sauti yake ilitua mahali ambapo kitabu changu hakina jina, kati ya mi na fa, juu zaidi ya hii na chini ya ile. Nilimrudisha. Akatua palepale. Nikaona ni uchovu na kilio, maskini, sauti imetetereka. Nikaandika fa.

Nataka mlielewe kosa hilo vizuri, maana halifanani na kosa. Sikuzembea. Nilifanya kazi kwa makini, nikausafisha wimbo wa watu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Kibirizi kukusanya besi. Boti zilikuwa zimeshusha, kina mama wanatandaza dagaa mchangani, na ufuko wote uling'aa kama maji yamepanda nchi kavu. Chini ya lile paa la makuti, msimamizi wa mafundi, Mzee Rashidi, Mmanyema wa Ujiji mwenye kofia isiyowahi kuwa na doa hata kwenye mawese, alikuwa na wenzake wakipiga randa.

"Bwana Mwalimu!" akaniita. "Umekuja kuchukua wavuvi wangu ukawafanye waimbaji? Sisi kwetu mtu anazikwa kabla chai haijapoa. Ninyi mpaka Jumamosi, mna mazoezi kama timu ya mpira!"

"Mzee Rashidi, kila nyumba na taratibu zake."

"Najua, nakutania. Huyu alikuwa ndugu yangu." Akapitisha kiganja juu ya ubao. "Sanduku lake tunalitoa hapahapa. Hizi mbao alizianika yeye mwenyewe, msimu mzima, za boti ya mtu. Mwenye boti amesema chukueni. Hebu sikia." Akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Ukatoa sauti ya mviringo, iliyokaa kidogo hewani kabla ya kuondoka. "Unamsikia? Anasema hii inaitika."

Tukacheka kwa namna watu wanavyocheka msibani. Nikachukua besi wanne na kwenda zangu.

Mazoezi yalikuwa Ijumaa alasiri. Watu thelathini na sita, sauti nne, na ule wimbo mfupi nikautanua: soprano juu, besi wanavuma chini kama mashua, alto wanapita katikati. Sijivuni nikisema ulikuwa mzuri. Mama mmoja wa alto alifuta machozi. Nilikuwa nimemwita Esperansi aje asikie, amekaa benchi la nyuma, na tulipomaliza nikamfuata nikiwa bado na joto la wimbo.

"Unauonaje?"

"Ni wimbo mzuri, Mwalimu. Asanteni." Nilidhani amemaliza. "Ila sio Baba."

"Kosa liko wapi? Tuambie tulirekebishe."

"Hapo mnapopanda. Ninyi mnapanda, mnafika. Baba hafiki. Baba anasita." Akaitazama mikono yake. "Mmemvalisha suti ya mtu mwingine. Ni suti nzuri."

Alisema kwa upole kabisa na ndiyo maana iliniingia. Nikalitazama daftari. Ile fa yangu ilikuwa imekaa pale, safi, imenyooka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Veronika. Alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza yote. Hakuacha kuchambua.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukisikia kuku anatafuta pa kutagia utamwandikia sauti nne."

"Bi Veronika, nilitaka wasikie watu wote."

"Watu wote ndio waliofiwa?" Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nilikupa maswali matatu, ukachukua la upepo, mawili ukayaacha kwangu. Alikuwa akifanya nini na mikono yake, huyo mtu?"

"Anatengeneza boti. Anagonga mbao."

"Na nani ataumia asiposikia?"

"Binti yake."

"Basi una kazi gani na stesheni?"

Nikauliza: je, Karoli asipofika? Akasema nikae kimya basi, kimya cha kweli, na kwaya iimbe wimbo wa kutoka nyumbani na wa kurudi, ule wa katikati nisiuguse. Mahali pa mtu ambaye hajafika paachwe wazi. Nilikwenda nyumbani nikafuta fa kwa raba mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi. Saa saba mchana sanduku lilikuwa uani juu ya viti viwili, halina rangi, mbao zimeachwa kama zilivyo, zinanukia jua. Watu wamejaa mpaka barabarani. Karoli hakuwapo. Saa nane hakuwapo. Upepo ukageuka, niliuona kwenye nguo zilizoanikwa uani kwa jirani kabla sijausikia. Katekista aliyeongoza ibada akanitazama, nami nikamtazama Esperansi, naye alikuwa amepakata kile kifurushi cha kitenge na kutazama njia. Thelathini na sita nyuma yangu walikuwa wanaujua wimbo. Ningeinua mkono tu. Niliuweka mkono mfukoni.

Tukaimba wa kutoka nyumbani, kwa ufunguo wa chini, tukaanza kutembea. Tulikuwa karibu na kona ya makaburi lori la kuni liliposimama kwa vumbi, akashuka mzee mdogo mwenye koti kubwa, ameshika mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi moja tu. Aliitoa na kuwaonyesha watu wa kwanza aliokutana nao, wabeba jeneza, akidhani ndio wakaguzi.

"Kibali ninacho," akasema. "Mpaka kesho saa sita. Niko halali."

"Mzee Karoli, amahoro," akamsalimu Esperansi kwa salamu ya amani ya kwao.

"Amahoro, mwana. Lete nimwone." Hakusema nani. Akafungua kitenge, akaitazama ikembe, akakwangua kutu kwa kucha, akavisukuma vijiti mbele na nyuma kwa jiwe aliloliokota njiani, akitega sikio, tukiwa tunatembea. Kaburini sanduku likawekwa juu ya miti miwili iliyolala kukatiza shimo. Katekista akasoma. Kisha akamwachia nafasi.

Karoli akapiga, amesimama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, sikio langu la kushoto bado zima wakati huo, nami sikusikia kitu. Niliona madole gumba yanakwenda. Upepo ulipanda kutoka ziwani na kuchukua kila sauti kabla haijaondoka mkononi. Nyuma watu wakaanza kuulizana ameanza au bado. Mtoto akalia. Mzee Rashidi, aliyekuwa amesimama pembeni na mafundi wake, akanyoosha shingo. Hesabu yangu ya Jumatano ilikuwa sahihi kabisa, na sikuwahi kuchukia kuwa sahihi kama siku ile.

Soprano wangu mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, tumsaidie? Tuvumishe chini kidogo?" Nikatikisa kichwa. Esperansi alikuwa amefumba macho, amemsogelea Karoli mpaka koti lake likawa linamgusa shavu, na bado niliona kwenye uso wake kwamba hasikii. Wote wawili, mama na baba, walikuwa wanapita hivyo, bila kuimbiwa.

Karoli akaacha. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Kisha akainama na kugonga mfuniko wa sanduku kwa kifundo cha kidole. Mara mbili. Akatega sikio. Akagonga tena, karibu na katikati.

"Anafanya nini huyu?" mtu akauliza nyuma. "Anamgongea maiti?" Mwingine akaguna. Katekista akapiga hatua mbele, mkono umeinuka.

"Mwacheni," akasema Esperansi. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema kitu bila kuomba. "Mbao ni za Baba. Alizigonga hivyohivyo kila siku."

Karoli akapiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, akailaza ile ikembe juu ya mfuniko, akaishika kwa vidole vinne vya kila upande, na madole gumba yakaanza.

Nimejaribu miaka mingi kuieleza sauti ile kwa maneno ya kazi. Kibao kidogo kikigusa ubao mkubwa, mkavu, ulio juu ya uwazi, mtikisiko unapita na kukuzwa. Na chini ya uwazi ule kulikuwa na uwazi mwingine, shimo. Hayo ni maelezo sahihi. Lakini tuliokuwapo tulisikia sanduku zima likizungumza. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa pana. Ilitoka kwenye mbao, ikatambaa ardhini, ikatufikia miguuni kabla ya masikioni, na upepo haukuipata kwa sababu haikuwa imepita kwake. Ikashuka hatua tatu. Ikatulia. Ikajaribu kupanda, na pale kati ya mi na fa, mahali pasipo na jina, ikasita.

Esperansi akacheka. Kicheko kidogo cha kumtambua mtu mlangoni. Ndipo akalia.

Mzee Rashidi akanisogelea, akaniuliza chini kwa chini, "Mwalimu, sauti hiyo inatoka wapi?"

"Kwenye mbao zenu."

Akatikisa kichwa. "Zake," akasema. Akaufunika mdomo kwa kiganja na hakunitania tena siku hiyo.

Karoli aliupiga wimbo mara mbili. Mara ya pili Esperansi aliuvumisha naye, nami nikajua ile mara ya pili ni ya nani. Kisha, akiwa bado anapiga, bila kukatisha, akaiinua ikembe taratibu kutoka juu ya mfuniko. Sauti ikarudi kuwa ndogo. Ikarudi mkononi, ikembe ya kiganja, na upepo ukaichukua, na ziwani moshi ulikuwa umefunika kila kitu hata usijue maji yanaishia wapi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba imekwisha. Mafundi wakashika kamba.

Siku hizi mnazo spika za kukodi na kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, na simu yenye nyimbo zote za duniani. Sizilaumu, nimezitumia. Ziko siku mvua inanyesha, watu ni wengi, na spika ni huruma. Ila mtu akikuomba kitu kidogo kwa ajili ya mtu wake, usikipanue kwanza. Kaa nacho kikiwa kidogo. Muulize kinapaswa kumfikia nani. Na wimbo wa watu ukiwa na mahali pasipokaa sawa kwenye nota zako, usipanyooshe. Penseli iweke chini, uliza mara ya tano, kwa sababu huenda hapo ndipo mtu mwenyewe alipo.

Esperansi alirudi kwao nchi ilipotulia, pamoja na ile ikembe. Mzee Karoli alirudi kambini Jumapili kabla ya saa sita, halali. Bi Veronika alipolisikia jambo lile aliniuliza tu kama nimekula.

Daftari ninalo bado. Safu ya waimbaji na wapigaji ya siku ile ilinishinda jioni nzima. Kwaya haikuimba wimbo wa kaburini, kwa hiyo thelathini na sita ilikuwa uongo. Niliandika moja, kwa ajili ya Karoli. Nikalala nayo. Asubuhi nikanoa penseli, nikafuta, nikaandika wapigaji wawili: wa ikembe na wa mbao. Kwenye safu ya upepo nikaandika: kutoka ziwani, mkali, haukufua dafu.